Mwalimu Vitatu na Kichwa cha Komeo

Mwalimu wa useremala alikuwa na vidole vitatu tu mkono wa kulia. Viwili viliondoka na msumeno wa mashine, zamani, kabla hajaoa. Wanafunzi walimwita Mwalimu Vitatu. Walidhani hajui. Alijua, na jina lenyewe alilipenda.

Asubuhi alifundisha kupiga randa na kuunga mbao. Jioni alifundisha timu ya mpira ya wasichana. Golini alisimama binti yake mwenyewe. Walimwita Komeo, kwa sababu akifunga lango, limefungwa. Nyumbani pia aliwafunga watu midomo. Kila baada ya chakula alitega vitendawili alivyotunga mwenyewe. Mama yake alikwisha kumpa miji yote anayoijua.

Uwanjani Mwalimu alikuwa na desturi yake. Mchezaji akigongwa kichwa, alimkimbilia na chupa ya maji. Alimmwagia utosini, kisha akamnyooshea mkono wa kulia.

"Vidole vingapi?"

"Vitatu, Mwalimu!"

"Mzima huyo. Rudi kazini!"

Kwa miaka sita hakuna aliyewahi kukosea.

Jumamosi moja ilikuwa nusu fainali. Mpira wa kona ulipigwa. Komeo akaruka, na goti la mtu likampata kwenye paji la uso. Alianguka chali. Aliinuka taratibu, ameshika mlingoti wa goli. Baba yake alifika mbio, maji yakamwagwa, mkono ukanyooshwa.

"Vitatu," Komeo akasema.

Akarudi golini. Timu ikashinda mabao mawili kwa moja.

Jioni mezani, Komeo aliisukuma sahani yake.

"Baba, kwani leo tumeshinda?"

"Tumeshinda, mwanangu! Mbili kwa moja."

"Afadhali." Akanywa maji kidogo. "Baba, kwani leo tumeshinda?"

Mama akaweka kijiko chini. "Unatutania, wewe?"

"Taa hii inaniumiza macho, Mama."

"Haya, tega kitendawili basi."

"Kitendawili," Komeo akasema.

"Tega!"

Komeo alifumba macho. Wakasubiri. "Kimenipotea," akasema, machozi yakimlengalenga.

Mama hakuvaa hata viatu. Alikwenda ukutani akamwita jirani, tabibu wa zahanati, anayejulikana kama Mama Pacha. Alikuja na unga mikononi, akanawa, akaketi karibu na Komeo. Akamuuliza kama shingo inauma, kama ametapika, kama mikono ina ganzi. Akamtazama mboni za macho.

"Huyu aonwe na daktari sasa hivi," akasema.

"Lakini hakuzimia hata kidogo!" Mwalimu akasema. "Na vidole alihesabu vizuri."

"Ulimwonyesha mkono upi?"

Mwalimu akautazama mkono wake. Mkewe naye akautazama.

"Huu," akajibu kwa sauti ndogo.

"Shemeji, huo hata mimi nikiwa usingizini nitakwambia vitatu."

Mama wa Komeo alicheka. Kicheko kikageuka kilio, wakaondoka.

Hospitali waliketi kwenye benchi huku Komeo akipimwa ndani. Mwalimu alikuwa akisugua magoti kama mtu apigaye msasa.

"Kitendawili, shemeji," Mama Pacha akasema polepole.

"Jamani, saa hizi?"

"Mtoto wangu analala chumba cha mfupa. Chumba kikitikiswa, anagonga ukuta. Lakini nje huoni ufa."

"Chukua mji. Sina akili leo."

"Ubongo. Kichwa kikigongwa, ubongo hutikisika ndani. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Si lazima mtu azimie. Huenda akapepesuka, au kichwa kikamuuma, au akasikia kichefuchefu. Wengine mwanga huwakera. Wengine huuliza jambo lile lile. Na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Ukiona hata moja, au ukishuku tu, mtoe. Siku hiyo harudi tena uwanjani."

"Mimi nilimrudisha."

"Ulimrudisha. Angegongwa tena kabla hajapona, ubongo ungeweza kuvimba. Mwingine haamki."

Mwalimu akainuka. Alisimama mbele ya mlango wa chumba cha vipimo mpaka ulipofunguka.

"Ni mtikisiko wa ubongo," daktari akasema. "Hatujaona dalili ya hatari zaidi. Akipumzika, atapona."

Mwalimu alishusha pumzi ndefu. Alimshika mkewe mkono, akamshika na Mama Pacha, na nusura amshike na mlinzi wa mlangoni.

"Na fainali, daktari? Ni Jumamosi ijayo."

Daktari akamtazama. Mkewe akamtazama.

"Nimeuliza tu," akasema.

Daktari aliwaeleza. Siku mbili za kwanza Komeo atulie nyumbani, simu aiweke kando, na asiachwe peke yake. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, akishindwa kuamshwa, akiishiwa nguvu mkono au mguu, au mwili ukikakamaa na kutetemeka, arudishwe hospitali bila kuchelewa. Baadaye atarudi darasani kidogo kidogo. Kisha atatembea, atakimbia, atacheza mpira peke yake. Dalili zikirudi, arudi hatua moja nyuma. Kugongana na wenzake ni mwisho kabisa, na kwa ruhusa ya daktari.

Jumatano Mwalimu alimwomba Mama Pacha awafundishe makocha wa shule zote za jirani. Walikutana katika karakana yake, wakaketi juu ya meza za randa. Kocha wa timu watakayokutana nayo fainali, mzee mmoja mwenye filimbi shingoni, hakuchelewa kukebehi.

"Mama Pacha, tukimtoa kila anayeona nyota, tutacheza na nani? Na milingoti ya goli?"

Mwalimu akasimama. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Vingapi?"

"Vitatu!" wakajibu wote, wakicheka.

"Mmefaulu wote. Binti yangu naye alifaulu hivyo hivyo, huku hajui kama tumeshinda au tumeshindwa. Nikampeleka golini tena. Mtoto wangu mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Mzee wa filimbi akaivua shingoni, akaitia mfukoni.

Wakaanza kujifunza. Mmoja alilala juu ya vumbi la mbao, mwingine akamuuliza: Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga bao la mwisho? Mchezo uliopita tulicheza na nani? Mama Pacha aliwasahihisha. "Akijibu yote lakini kichwa kinamuuma, bado anatoka. Na shingo ikimuuma, msimwinue. Akae hapo hapo mpaka mtaalamu afike."

Fainali ikafika. Komeo alikaa nyumbani. Hadi dakika za mwisho hakuna aliyefunga. Ndipo mshambuliaji wa Mwalimu, msichana aitwaye Kiberiti, alipogongana vichwa na beki. Mwalimu alimkimbilia bila chupa.

"Shingo inauma?"

"Haiumi."

"Nani alifunga bao la mwisho nusu fainali?"

"Vitatu, Mwalimu!" Kiberiti akajibu kwa furaha.

Mwalimu akamshika bega. "Njoo tukakae, mwanangu."

"Lakini nimejibu!"

"Umejibu. Ndiyo maana tunatoka."

Mashabiki walipiga kelele. "Utatufungisha, Mwalimu!" Mzee wa filimbi, kule upande wa pili, aliinuka akampungia mkono. Wachache walielewa kwa nini.

Walifungwa bao moja. Kiberiti alipelekwa kwa Mama Pacha, mama yake akiwa kando yake. Wiki iliyofuata alikuwa darasani, anasumbua kama zamani.

Komeo alirudi golini mwezi mmoja baadaye, kwa barua ya daktari. Jioni hiyo alikula sahani mbili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mlinzi hana mikono, lakini huukamata mpira kabla yangu."

"Ubongo!" Mwalimu akaropoka.

"Baba, siku hizi kila kitu kwako ni ubongo! Nipe mji."

"Jicho," mama akanong'ona.

"Umechelewa, Mama! Baba, mji wangu."

Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Chukua na ule wa jirani."