Nyumba ya Karatasi ya Fengqin

Mambo yaliharibika asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 2021, winchi ilipoacha kuzunguka.

Mzee Luo alikuwa akikoroga uji wa mtama. Mke wake, Fengqin, aliketi dirishani na blanketi magotini. Mapafu yalikuwa yanamsumbua. Kila siku aliitazama winchi ile ya njano ng'ambo ya reli. Ilizunguka polepole juu ya jengo jipya, kama mwiko unaokoroga mawingu. Nyumba yao ingekuwa ghorofa ya kumi na moja. Waliilipia jengo likiwa bado shimo.

"Baba Jiaqi," Fengqin aliita. "Winchi imelala."

"Wako kwenye chai hao."

"Chai gani? Hata mtu mmoja simwoni."

Winchi haikuamka tena. Fengqin alifariki majira yale ya baridi, uso ukielekea dirishani. Wakubwa waliokuja kukata utepe siku ya kwanza hawakuonekana. Benki peke yake haikupotea. Kila mwezi ilikata mkopo kwenye mshahara wa Jiaqi, mtoto wao wa pekee. Alikuwa analipia nyumba isiyo hata na sakafu.

Jengo lilikuwa limeishia ghorofa ya tisa. Mzee Luo alizoea kutazama hewa iliyokuwa juu yake. Hapo jikoni, alijiambia. Hapo chumba chetu. Mbayuwayu waliingia jikoni, wakatokea chumbani, wakaenda zao.

Akijinyoosha mchana, aliota ndoto ileile. Yumo katika nyumba ya mfano, ile waliyoonyeshwa siku ya kununua. Jua la dhahabu limejaa chumbani. Fengqin amelala kitandani, anacheka. "Njoo ujaribu!" Analala kando yake, na miguu yake inaning'inia nje. "Wewe mrefu mno," Fengqin anasema. Kisha jua linazimika, na yeye anaamka.

Mwaka wa tatu tangu winchi isimame, siku za kila mwaka za kufagia makaburi ya wapendwa zilikaribia. Mzee Luo alikwenda duka la Dada Qiao, jirani yake. Qiao alitengeneza nyumba za karatasi za kuwachomea marehemu, ili wapate pa kukaa huko waliko. Zamani aliuza fleti. Mzee alimpa kipeperushi cha jengo lao, kimechakaa kwenye mikunjo.

"Nitengenezee hii. Usisahau balkoni."

Qiao aliweka mkasi chini. "Mzee, vipeperushi kama hivi niliviuza mimi. Miaka minne, na glavu nyeupe mkononi."

"Mliuza hewa. Leo unauza karatasi. Umepanda cheo!"

"Nimepanda kweli. Hapa mteja anakiona anachonunua. Na hakuna marehemu aliyerudi kulalamika."

Mzee alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. "Haya. Kitanda kiwe kifupi, kama kile cha mfano. Miguu yangu ilibaki nje. Mke wangu akasema mimi mrefu."

Qiao hakucheka. "Hukuwa mrefu, Mzee. Vitanda vile vilipunguzwa. Makabati membamba, milango imeondolewa, ili chumba kionekane kikubwa. Na lile jua lilikuwa taa."

Mzee Luo alitafuta kiti akakaa.

"Fengqin alilipenda lile jua," alisema.

"Wote walilipenda."

Mlango ukafunguliwa. Jiaqi aliingia akihema, simu mkononi.

"Baba, nimekutafuta! Kuna jengo jipya. Bei imeshuka theluthi nzima. Mama yake Yuwen ametuambia wazi, hakuna nyumba, hakuna harusi yangu na binti yake. Tuuze chumba chetu, tulipie. Mwisho kesho."

"Chumba chetu?" Mzee aliuliza. Kilikuwa chumba cha kiwandani, katika nyumba za wafanyakazi alichouziwa zamani, mahali pekee walipobakiwa napo. "Na sisi tulale wapi?"

"Tutapanga kwa watu, Baba. Miaka miwili tu."

"Jengo limefika wapi?" Qiao aliuliza.

"Dada, wewe shughulikia nyumba za wafu. Mimi natafuta ya walio hai."

"Nimekuuliza limefika wapi."

"Msingi umechimbwa."

"Na fedha unaingiza wapi?"

"Akaunti ya kampuni. Ukilipa huko wanakupunguzia, na maegesho bure."

Mzee Luo alifumba macho. Punguzo kama hilo ndilo lililomnasa yeye.

"Nisikilize, mdogo wangu," Qiao alisema. "Jengo linajengwa kwa fedha za wanunuzi. Wewe unajenga ukuta wa aliyekutangulia. Wako utajengwa na atakayekuja nyuma yako. Bei ikipanda, watu wanakuja. Ikishuka, nani atakuja?"

Jiaqi alitazama simu yake.

"Hakuna. Fedha zinakauka, winchi inasimama. Mkopo hausimami. Hata wakimaliza, labda bei ya nyumba itakuwa chini ya deni lako. Na fedha zilipwe kwenye akaunti maalumu inayosimamiwa na serikali tu. Anayekupunguzia ili uikwepe hiyo, mkimbie."

"Kwa hiyo nisinunue? Nibaki mseja?"

"Nyumba zilizokwisha kujengwa nazo zimeshuka bei. Nunua unayoweza kuingia. Uone hati yake. Nenda siku ya mvua, uangalie dari. Uwaulize majirani."

"Na ulale sakafuni," Mzee Luo alisema.

Jiaqi alimgeukia. "Sakafuni?"

"Ulale. Uone miguu inafika wapi."

Kesho yake hawakulipa. Walitafuta wiki nyingi. Siku moja ya mvua waliingia fleti ndogo ya zamani, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Hati ilikuwepo, haina deni. Mzee Luo alilala chali sakafuni chumbani.

"Jamani, mzee ameanguka!" mwenye nyumba alipiga kelele.

"Amepima," Jiaqi alijibu.

Miguu ilibaki ndani, nafasi ikazidi. Waliuza chumba cha kiwandani, wakachanganya na akiba ya harusi, wakanunua bila mkopo mpya. Mama yake Yuwen alikunja pua ngazini. Akafika jikoni, akafungua bomba, akakinga mkono kwa muda. "Maji yana nguvu," alisema. Harusi ikapangwa.

Asubuhi chumba cha Mzee Luo hupata jua. Jua lenyewe, linatambaa ukutani polepole, wala hakuna wa kulizima.

Siku ya kufagia makaburi, kabla hawajaipata fleti hiyo, alichoma nyumba ya karatasi kaburini. Qiao aliweka balkoni, na kitanda kirefu cha watu wawili. Moshi ulipanda ukazunguka polepole.

"Wewe umeshakabidhiwa nyumba yako," Mzee alimwambia Fengqin. "Huku bado."

Mkopo wa zamani Jiaqi bado anaulipa. Hakuthubutu kuacha, maana benki ingemshtaki. Kwa hiyo kila mwezi Mzee Luo huongozana na wanunuzi wenzake hadi ofisi ya serikali inayosimamia nyumba, mkataba mkononi. Malipo ya mwanzo aliyapeleka kwa kampuni, lakini fedha za mkopo ziliingia akaunti maalumu. Zilipaswa kutoka kadiri jengo linavyopanda.

"Jengo liko ghorofa ya tisa," huwaambia makarani dirishani. "Fedha zimekwisha zote. Hazikutoka zenyewe, lazima mtu aliziidhinisha. Nani alitia sahihi?"

"Acha namba yako ya simu, mzee."

"Namba mnayo. Nani alitia sahihi?"