Mbio Alizoziacha Baba

Asubuhi ile cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Kiberiti, binti aliyekuwa sakafuni akifunga kamba za viatu vya shule, aliinua macho. Baba yake alikuwa ameinamia kitambaa kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Jana yake alirudi kutoka mazoezini ameshika kifua. "Kidogo tu," aliwaambia Kiberiti na Mama. Sasa waliita na kuita, asiitike.

Baba alikuwa fundi cherehani, na mwaka huo ndipo alipoanza kukimbia, ingawa mvi zilikwisha kumpigia hodi. Alitaka kumaliza marathoni moja tu maishani. Alfajiri alikwenda mazoezini na rafiki yake kinyozi, aliyeitwa Kobe kwa sababu ya mwendo wake. Watoto wa mtaani waliwatania: "Fundi, mpaka ufike, medali zitakuwa zimeota kutu!" Baba alicheka nao, akaendelea.

Matanga yalipokwisha, Kiberiti alivaa viatu vya baba, akashindilia vipande vya nguo kwenye ncha, akatoka. Alitaka kuimaliza njia ya baba, hadi daraja la reli na kurudi, kabla ya siku ya mashindano. Hakuanza taratibu. Alitimka kama aliyekurupushwa na nyuki, leo hivyo, kesho hivyo, mpaka goti likavimba.

"Mbona unachechemea?" Mama aliuliza.

"Kidogo tu, Mama."

Mama alimtazama kwa muda mrefu.

Kesho yake goti lilimgomea njiani. Kobe alimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, akambeba mgongoni.

"Leo Kobe kapata gamba zito," alisema. "Wewe Kiberiti kweli. Umewasha njiti zote kwa mpigo mmoja!"

Kiberiti hakucheka. "Baba hakumaliza," alisema huku machozi yakimlowesha kinyozi shingo. "Nilitaka nimmalizie."

Kobe alimpandisha vizuri mgongoni. "Nilikuwa ubavuni mwake, mwanangu. Nilimsikia akihema vibaya. Akasema kidogo tu, nami nikamwamini."

Nyumbani, Mama aliliwekea goti kitambaa cha maji baridi. Kobe alisimama mlangoni. "Wahenga walisema, mficha maradhi..."

"Malizia, shemeji," Mama alisema bila kuinua uso. "Kifo humuumbua. Nyumba hii imekwisha kulipa karo ya somo hilo." Kisha akamgeukia bintiye. "Mwanangu, uvumilivu ni mzuri, lakini maumivu ni mjumbe. Ukimfungia mlango, atarudi na wenzake. Jasiri ni yule anayesema 'panauma', akapumzika, akatibiwa. Baba yako alikuwa na kila kitu isipokuwa ujasiri huo."

Kiberiti aliinamisha kichwa. "Panauma, Mama."

"Wapi?"

"Goti." Akajipangusa macho. "Na kote."

Mama akamvuta kifuani, wakalia wote wawili.

Daktari aliamuru goti lipumzishwe. Siku ya marathoni ilipofika, walisimama watatu kando ya barabara, wakawapigia makofi wakimbiaji hadi yule wa mwisho.

Sasa goti limepona. Alfajiri hutoka pamoja, Mama, Kobe na Kiberiti mwenye viatu vya kumtosha. Kabla ya kuanza, kila mmoja husema panapomuuma. Hukimbia polepole hadi duka la unga, kisha hurudi. Darajani bado hawajafika.