Firigisi ya Baba Mkwe

Nina miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Singida, nasomea upishi. Wasomaji wenzangu, hadi leo nikisikia harufu ya kuku wa kienyeji damu inanichemka. Someni hadi mwisho, ndipo mnihukumu.

Chuo kilinipeleka Nairobi kwa mafunzo ya vitendo. Nikapangiwa Kibera, kwenye jiko la Mama Hawa, mama wa Kinubi anayepikia watu harusi na misiba. Nilikaa chumba kimoja na Nasimiyu katika mtaa wa Lindi, humohumo Kibera. Alikuwa msichana wa Kibukusu aliyefanya kazi palepale jikoni. Alinipokea kama ndugu... Ndugu gani yule!

Siku za kwanza walinicheka. Kiswahili changu, walisema, ni cha taarifa ya habari. Shikamoo yangu ikawa utani wa jiko zima. Siku nilipopika mlenda wa kwetu, Nasimiyu aliziba pua, akaniambia niachane na hizo mambo za ushago, za kijijini, la sivyo hakuna mwanamume wa Nairobi atanitazama. Nikaacha mlenda. Nikaacha shikamoo, nikaanza niaje. Nikajifunza gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, hadi wateja wakadhani nimezaliwa Kibera. Mama Hawa alisema ni vizuri kujifunza chungu cha watu, lakini nisikivunje cha mama yangu. Sikumsikiliza.

Kisha nikampenda Wanyonyi.

Alikuwa Mbukusu kama Nasimiyu, akituletea kuku kutoka kwao Kawangware. Mpole, msafi, anaongea taratibu. Alipotamka neno la ndoa nililia kwa furaha. Akasema wazazi wake wanataka niende nikawapikie kuku, maana kwao mchumba hupimwa jikoni. Basi nikajua ndoa yangu yote iko kwenye sufuria hiyo moja!

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu Singida firigisi ni ya baba, hata mtoto mdogo anajua. Nikamuuliza Nasimiyu kama kwao ni hivyohivyo. Akacheka sana. Akaniapia kwamba kwa Wabukusu mchumba akija siku ya kwanza ndiye anayeila, mbele ya mzee, kuonyesha kwamba ameshakuwa mtu wa nyumba. Akanionya pia nisimuulize Wanyonyi, kwa sababu mwanamume akiulizwa mambo ya jikoni huona amepata mke asiyefunzwa. Nilimeza yote. Rafiki yangu anidanganye ili iweje?

Siku ilipofika nilikwenda kwao Kawangware, nikapika kuku hadi majirani wakachungulia. Kabla ya kula, mzee aliniuliza kwa upole kama najua desturi zao au nielekezwe. Loh! Kwa kiburi nikamjibu kwamba nazijua zote. Kisha nikachukua firigisi, nikaila nikimtazama na kutabasamu.

Mzee alikuwa ameshika tonge. Akalirudisha kwenye sahani, akanawa mikono, akatoka nje. Mama yake Wanyonyi akasema kwa sauti ndogo, "Huyu amekuja kututawala."

Wanyonyi hakuniuliza kitu. Alinifikisha barabarani, na baada ya hapo simu zangu hakupokea tena. Kuku akawa analetwa na mtu mwingine. Nasimiyu alinibembeleza, akanipikia chai, akanifuta machozi kwa leso yake mwenyewe! Muda si muda akaacha kazi jikoni, akahama, akidai amepata chumba cha karibu na dada yake.

Siku moja nilirudi kutoka Soko la Toi na nyanya, nikamkuta Mama Hawa ameinama. Baba yake Wanyonyi alikuwa amekuja kuagiza chakula cha kumpokea mchumba mpya wa mwanawe. Nikauliza ni nani. Akasema ni Nasimiyu.

Nilikaa chini na nyanya zangu. Nikawaza kumwaga chumvi, pilipili, hata mafuta ya taa. Mama Hawa alinisoma. Akaniambia, "Chakula changu usikitie hasira. Mdomo ni wako, utumie."

Nikautumia!

Kawangware walikuwa wamefunga turubai, wageni wamejaa, Nasimiyu amevaa nguo ya kung'aa. Aliponiona nimebeba sahani, tabasamu lilimkauka. Nikampita. Nikapiga magoti mbele ya mzee, sahani mkononi, firigisi nzima juu ya wali.

"Mzee, hii ni yako," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ile ya kwanza niliila kwa sababu huyu bibi arusi aliniapia kwamba kwenu mchumba ndiye anayeila."

Mzee akamgeukia Nasimiyu, akamuuliza kama ni kweli. Angekana, pengine wangemwamini yeye. Lakini aliinamisha kichwa akasema ulikuwa mchezo tu. Mchezo! Shangazi yake mwenyewe alijifunika uso kwa kitenge. Upande wa bibi arusi uliondoka kabla wali haujapoa, na uchumba ukaishia hapo.

Niliona raha, siwafichi. Wanyonyi alikuja Lindi kuomba turudiane. Nikamwambia mwanamume aliyeshindwa kuniuliza swali moja hawezi kunioa. Akaondoka analia, nami nikaendelea kumenya vitunguu.

Lakini kuna neno moja linaninyima usingizi. Siku ile, watu walipokuwa wakitawanyika, mzee aliniita.

"Na kwenu huko, msichana wangu, firigisi hupewa nani?"

Nikamjibu ni baba.

"Basi si ungenipa tu."

Hapo ndipo nililia, wasomaji wangu. Jibu nilitoka nalo nyumbani! Mama yangu alinipa bure, nami nikalionea haya, nikaenda kuazima uongo wa mtu mwingine.

Dada zangu mnaokwenda ugenini, nawasihi. Desturi za watu waulizeni wenyewe, siyo rafiki anayemtamani mchumba wako. Na za kwenu msizizike ili mpendwe. Nimerudi Singida, napika mlenda wangu mlango ukiwa wazi.

Na wewe Nasimiyu, ukiyasoma haya, sijakusamehe. Wala sitaki kuombewa nikusamehe.