Kinyozi Aliyeupiga Moyo Konde

Siku ile ya kliniki mjinga nilikuwa mimi, na shahidi ninaye: mke wangu.

Mimi ni kinyozi. Miezi miwili kabla ya siku hiyo nilipata mshtuko wa moyo. Nilikuwa namnyoa mteja. Kifua kikanibana, jasho likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Wakanikimbiza hospitali. Mteja alirudi kwake na nusu ya nywele, na hata leo akija kunyolewa huuliza kwanza kama nimemeza dawa.

Nilitibiwa, nikapata nafuu. Daktari akaniruhusu kurudi kazini polepole. Sikurudi. Nilishinda sebuleni nikigombana na redio. Aliyeuliza hali yangu nilimjibu kwamba niko sawa.

Siku ya kliniki tuliingia wawili. Muuguzi alinipima presha, akakagua dawa zangu, kisha akauliza, "Na moyo wako, baba, unaendeleaje?"

Nikaona hapa ndipo pa kuchekesha. "Moyo sinao, sista. Nilimpa huyu mama siku ya harusi."

Hakucheka. Akamgeukia mke wangu. "Kumbe moyo unao wewe, mama. Haya, unaendeleaje?"

Mke wangu alikuwa amelingoja swali hilo kwa miezi miwili. Akamwaga yote. Kwamba usingizi sipati. Kwamba chakula nakichokonoa tu, halafu nasukuma sahani. Kwamba nyumba ya ibada, ambako zamani sikukosa hata wiki moja, siku hizi nikiiona navuka barabara.

Nikakasirika. Nikasema tumekuja kupimwa moyo, hatukuja kupiga umbea. Mwanamume akipatwa na jambo hupiga moyo konde, basi.

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Baba, moyo wenyewe ndio kwanza unapona. Na wewe unaupiga konde?"

Mke wangu akatazama ukutani asije akacheka. Ndipo likanitoka nililokuwa nimelificha: naogopa wembe. Itakuwaje moyo ukinibana tena, na wembe uko shingoni mwa mtu?

Muuguzi hakunishangaa. Alisema woga, huzuni na hasira huwapata wengi baada ya mshtuko wa moyo. Si udhaifu, wala si kukosa imani. Lakini vikizidi wiki mbili, mtu aseme hospitali. Mwenye huzuni huacha dawa, huacha kutembea, na moyo huchelewa kupona. Wapo washauri wa kuzungumza naye, na ikibidi zipo na dawa. Anayeanza kutamani kufa asingoje hata kesho. Aseme siku hiyohiyo.

Mke wangu akauliza kuhusu ibada. Muuguzi akajibu kwamba anayeamini asali, maana sala hutuliza. Ila sala na kidonge viende pamoja. Na kifua kikibana tena, ni hospitali mara moja, hakuna kungoja.

Akanielekeza kwenye kikundi cha wagonjwa wa moyo. Hukutana kila Jumatano, chumba cha nyuma ya duka la dawa. Huko nikamkuta dereva mstaafu tunayemwita Breki, kwa sababu anasema moyo wake ulifunga breki bila kuwasha taa. Nikamweleza kwamba siendi kusali kwa sababu nimemnunia Mungu. Miaka thelathini sijamkata mtu hata sikio. Kwa nini mimi?

"Mimi nilimnunia mwaka mzima," Breki akasema. "Halafu nikaenda nikamwambia kwamba nimenuna. Hiyo nayo ni sala, fundi."

Wiki hiyo nikaenda ibadani. Nikakaa nyuma kabisa, nikamwambia Mungu yote, mengine hayaandikiki. Sikutoka nimepona. Nilitoka mwepesi kidogo, basi. Lakini nikarudi tena wiki iliyofuata. Dawa nikameza. Asubuhi nikatembea na mke wangu, naye ana mwendo wa polisi. Mshauri nikamwona mara nne. Usingizi ukarudi, hamu ya kula ikarudi, nikafungua kibanda changu.

Woga wa wembe ukabaki. Nilinyoa nywele kwa mashine, na wenye ndevu nikawasukuma kwa kinyozi mwenzangu wa kiti cha pili.

Asubuhi moja Breki akaingia. Akakaa kwenye kiti changu, akalaza kichwa nyuma, akataka ndevu zinyolewe kwa wembe. Nikamwambia amngoje mwenzangu. Akasema hangoji mtu. Nikamwambia mkono wangu huenda ukatetemeka. Akasema anauona, umetulia. Nikamkumbusha kwamba hapa tuko wagonjwa wawili, na mambo yakiharibika hakuna wa kumbeba mwenzake.

Breki akafumba macho.

"Fundi, mwenye shingo ni mimi, na nimeshakaa. Wewe mwenye wembe unaogopa nini?"