Tumpe, Ukungu na Tundu la Bati

Huyu ni Tumpe. Ana miaka minane. Anaishi milimani Tukuyu, kwenye chai, ndizi na ukungu.

Ukungu wa Tukuyu hauna adabu. Unaingia hadi jikoni bila kupiga hodi.

Kwa hiyo Tumpe alipoona ukungu ubaoni, hakushangaa. Alidhani kila mtu anauona.

Darasa la pili lilikuwa na utaratibu wake. Wa kwanza kwenye mtihani anakaa mbele kabisa. Wa mwisho anakaa nyuma kabisa.

Tumpe alikuwa wa mwisho, kwa hiyo alikaa nyuma. Na kwa kuwa alikaa nyuma, akawa wa mwisho tena!

"Utaratibu ni utaratibu," alisema Mwalimu Sekela. Mtu mzima akisema hivyo, ujue hajafikiri.

Kwaru, kwaru, kwaru! Chaki ikaandika. Tumpe akafinya macho. Akanyoosha shingo kama bata.

Ukungu, ukungu, ukungu tu!

"Mwalimu, ubaoni kuna ukungu."

"Ukungu uko kichwani mwako!"

Darasa zima likacheka. Ambakisye, yule wa kwanza, akacheka kuliko wote.

Nyumbani, mama akasema, "Huo ni uvivu, mwanangu."

Mjomba akasema, "Ni televisheni hiyo!"

Nyumbani kwao hakuna televisheni.

Jumatatu, Mwalimu Sekela akatangaza. "Ijumaa kuna mtihani. Na wewe Tumpe, ukishika mkia tena, unarudi darasa la kwanza. Ukakae na mdogo wako!"

Mdogo wake bado anakula chaki. Tumpe hakutaka kurudi kwa wala chaki.

Ijumaa ikafika. Mvua nayo ikafika. To! To! To!

Juu ya dawati la nyuma, bati lilikuwa na tundu. To! kwenye daftari. To! kwenye pua ya Tumpe.

"Mwalimu, nalowa."

"Vumilia."

"Mwalimu, na daftari la mtihani linalowa."

"Eh! Daftari? Njoo mbele haraka! Kaa na Ambakisye. Leo tu!"

Tumpe akakaa mbele. Leo tu.

Kwaru, kwaru, kwaru! Chaki ikaandika. Tumpe akainua macho.

Ukungu? Haukuwepo!

Kulikuwa na namba. Namba nono, zenye vichwa na mikia. "Kumbe nane ina matumbo mawili!" akanong'ona Tumpe.

Akaandika. Akajumlisha. Akatoa. Akamaliza.

Mwalimu Sekela akasahihisha. Akarudia kusahihisha. "Tumpe, kumi kwa kumi? Umemwibia Ambakisye!"

"Mwalimu, Ambakisye kapata ngapi?"

"Nane."

"Sasa hizo mbili nimemwibia nani?"

To! To! To!

"Basi ulikuwa mvivu!" akasema Mwalimu Sekela. "Ubao huu unaonekana hata kutoka nyuma. Tazameni!"

Akaenda nyuma mwenyewe. Akajibana kwenye dawati la Tumpe, magoti yakagusa kidevu. Akafinya macho. Akanyoosha shingo kama bata.

"Ala! Nani kaandika vidudu hivi?"

"Mwalimu mwenyewe!" darasa likajibu.

To! kwenye pua ya Mwalimu.

Jumamosi, Tumpe na Mwalimu walikuwa hospitali, kwenye foleni moja ya kupima macho. Mama naye alikuwepo.

Daktari akaonyesha herufi yenye miguu mitatu. "Miguu inaelekea wapi?"

"Miguu ipi?" akauliza Tumpe.

"Miguu ipi?" akauliza Mwalimu Sekela.

Tumpe akapata miwani nyekundu. Mwalimu akapata nyeusi.

Kwenye kikao cha wazazi, Mwalimu Sekela akasema, "Mimi niligundua mapema."

Mama akasema, "Nilijua tangu zamani."

Mjomba akasema, "Si niliwaambia ni macho?"

Hakuna aliyelitaja tundu.

Utaratibu ukabadilika. Asiyeona mbali akae mbele. Wengine wakae popote. Ambakisye akahamia nyuma.

To! kwenye pua ya Ambakisye.

"Mwalimu, nalowa!"

Kesho yake fundi akaja. Gong, gong, gong! Tundu likazibwa. Kumbe fundi alikuwepo siku zote!

Jioni hiyo mvua ikanyesha tena. Tumpe akapanda kitandani na miwani yake. Akahesabu misumari ya bati, mmoja mmoja, hadi arobaini na mbili.

"Asante, tundu," akasema, "popote ulipo."

Akavua miwani. Ukungu ukarudi, laini kama blanketi.

"Karibu," akasema Tumpe. "Lakini kesho shuleni, usinifuate."

Akajifunika. Akalala fofofo.