Hodi Ndani ya Bomba

Picha ya kwanza ilikuwa na doa. Fundi kamera alifuta kioo, akapiga nyingine. Doa likawa na vidole vitano.

Kamera ile ya maabara hupiga vivuli vya hewa, hewa hiyo inapofyatuliwa ndani ya bomba la chuma kwa kasi inayoiacha sauti nyuma. Hewa haina vidole.

"Ni mkono wa dada," mfuta vioo alinong'ona. "Ona kidole kidogo kilivyopinda."

Dada yake ndiye aliyekuwa akiingia bombani kufuta vioo vya madirisha yake kwa ndani. Akimwona fundi kamera hajala, humwekea chai kwenye chupa. Kabla ya kufyatua hewa, wenzake hugonga bomba na kuita, "Hodi!" Akiwa ndani hujibu, "Karibu!" nao husubiri, wakicheka. Mkuu wa maabara akaipiga marufuku hodi hiyo, eti utoto, unapoteza muda. Siku ya tatu wakafyatua, naye yumo. Ripoti ikaandikwa: uzembe wa marehemu.

Uzembe! Mtu aliyefuta mpaka alama za vidole vya wenzake!

Adhuhuri mkuu akaingia na ripoti mkononi. "Futa picha hizo. Kisha weka sahihi hapa."

"Siweki, bosi," fundi kamera alisema. "Hodi haikupigwa."

"Mkuu, andika ukweli tu," mfuta vioo alisihi. "Mama analala na kuamka akijua mwanawe alijiua kwa uzembe."

"Nyie na majini yenu!"

Hapo ikanuka spiriti ya kufutia vioo, ingawa chupa yake ilikuwa imefungwa, na ubaridi ukatoka kwenye chuma ukawapanda miguuni, na bomba, lililokuwa tupu na mlango wake wazi mbele ya macho yao, likagongwa kwa ndani, taratibu, mara tatu, kama anavyogonga mgeni mwenye adabu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Hodi."

"Usijibu, bosi," fundi kamera alinong'ona. "Nakuomba."

Lakini hasira zilikuwa zimempanda mkuu. "Karibu!" akafoka. "Karibu, toka tukuone!"

Kisha mdomo wa mkuu ukafunguka, na sauti ya mwanamke ikatoka humo, ya upole.

"Ahsante."

Mkono wa mkuu ukachukua kalamu. Ukakata neno uzembe, ukaandika: *Hodi haikupigwa. Niliikataza mimi.* Machozi yalimtiririka mkuu, akiutazama mkono wake mwenyewe, na kidole kidogo kilichokuwa kimepinda.

Mpaka leo hakijanyooka.