Vidonge vya Kabatini

Kulipopambazuka, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya Nebraska, na Marlis Hruska alikuwa tayari amesimama mwanzoni mwa mstari wake wa mahindi, amevaa mfuko mkubwa wa takataka. Msicheke. Kila mtoto wa mji wa Libusha aliyekwenda kibarua mwezi wa saba alivaa mfuko kama huo, akautoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono, maana umande wa majani ya mahindi hulowesha kuliko mvua. Jua lilipopanda mifuko ilivuliwa, lakini mashati ya mikono mirefu yalibaki mwilini, kwa sababu majani yale hukata kama wembe.

Kazi yenyewe ilikuwa kung'oa mbelewele, yale maua yanayochomoza kileleni, katika mistari iliyotengwa kwa ajili ya mbegu. Unanyoosha mkono, unavuta, ua linachomoka, unalitupa chini, unasogea. Mmea mwingine. Na mwingine tena. Ukifika katikati ya shamba huoni ulikotoka wala unakokwenda. Ni kijani tu kila upande, na kipande cha anga juu, na sauti za wenzako zinakujia kwa mbali, kama za watu wanaozungumza chumba cha pili nawe umesinzia. Wengine walilalamika mpaka wakachoka. Marlis, mwenye miaka kumi na mitatu, aliipenda hali hiyo. Alikuwa mtoto wa kuota ndoto akiwa macho, na shamba lilimpa nafasi ya kutosha.

Kiangazi hicho alimwota Corinne.

Corinne alikuwa msichana wa kitabuni. Kitabu kiliitwa *Siku za Corinne*, nacho kiliandikwa kama shajara: msichana anatoroka kwao, anakutana na vijana wa nywele ndefu wenye magitaa katika jiji kubwa, wanampa dawa za kulevya, naye anaandika siku kwa siku jinsi zinavyommaliza. Jalada liliapa kwamba kila neno ni la kweli. Basi mji mzima ukawa hauna mazungumzo mengine. Akina mama wa parokia walitaka kitabu kiondolewe maktaba, eti kinafundisha watoto uchafu, na aliyewaongoza alikuwa Vlasta, mama mkubwa wa Marlis, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Lakini ukimkataza mtoto kitu, umemwonyesha kilipo. Kufikia mwezi huo wa saba hakukuwa na msichana shambani ambaye hakuwa amekisoma, kikiwa kimevishwa jalada la kitabu cha mapishi.

"Mama hajafungua hata ukurasa mmoja," alisema Bernadette, binti wa Vlasta, wakati wa mapumziko ya mchana. "Lakini we muulize tu! Atakuhutubia mpaka supu igande."

Wasichana walicheka, na Marlis akacheka kuliko wote. Bernadette alikuwa na miaka kumi na saba. Kwa kuwa mama zao walikuwa ndugu, Marlis alimwita dada, na kusema kweli alimpenda kupita kiasi. Alitaka kutembea kama yeye, kufunga kitambaa kama yeye, hata kupiga chafya kama yeye.

Ila siku hizo Bernadette alikuwa amebadilika. Mwezi wa nane ungekuja na sherehe ya mji, sherehe ya Wacheki wa Libusha, na kila mwaka huchaguliwa malkia mmoja. Wanaoshindania taji huvaa mavazi ya mabibi zao yaliyotoka ng'ambo. Bernadette alikuwa na kizibao cha bibi chenye tarizi nyekundu, kizuri ajabu, kasoro moja tu: mwezi wa tano kilikataa kufungika kifungo. Sasa kilifungika, na nafasi ikabaki. Uso wake ulikuwa umechongoka. Alifanya kazi mbio mbio na kuongea bila kituo, na chakula chake kiliishia mikononi mwa Marlis.

"Chukua," alisema mchana ule, akimsukumia kolache mbili, yale maandazi yenye jamu ya plamu katikati. "Mimi sina hamu."

"Jana pia hukuwa na hamu, dada."

Bernadette akatazama huku na huku, akafungua ncha ya leso, akatoa kidonge na kukimeza kwa maji ya chupa.

"Nini hicho?"

"Ni vya mama, vya kupunguza mwili. Usinikodolee macho hivyo! Vimeandikwa na daktari. Vinanipa nguvu, na njaa haibishi hodi."

"Na usiku unalala?"

"Usingizi nao una vidonge vyake. Vyote viko kabati la bafuni kwetu."

Marlis aliishusha kolache. "Dada... hii si ndiyo dawa ile ile ya Corinne?"

Bernadette alicheka mpaka akajishika mbavu. "Corinne! We mtoto we! Umeona gitaa hapa? Umeona kijana wa nywele ndefu? Mwenye nywele ndefu shamba hili ni farasi wa Bwana Zoubek peke yake!"

Marlis naye akacheka, na wasiwasi ukamtoka. Alipoambiwa asimwambie mtu, aliapa kwamba hatasema. Jioni, ameketi kwenye ngazi za baraza ya kwao huku vimulimuli wakiwaka na kuzima bustanini, alikipekua kitabu kwa mara nyingine. Kulikuwa na magitaa, na vyumba vyenye moshi, na watu wasiojulikana majina. Hakukuwa na bafu la nyumbani. Hakukuwa na mama wala daktari wa mji. Akakifunga ameridhika, maskini, akaenda kulala.

Kulipokaribia sherehe, joto lilizidi. Siku moja hewa ilisimama kabisa. Mahindi yalikuwa yamewapita kimo, na hewa juu yake ilicheza na kutetemeka, hata Marlis akajiona anaelea, mikono inakwenda yenyewe. Kwenye mstari wa jirani Bernadette aliimba wimbo wa kucheza dansi, akauacha, akasimulia habari za kizibao, akarudia wimbo. Sauti yake ilikuja na kupotea kati ya majani. Halafu ikakatika.

Marlis aliendelea kung'oa, bado yumo ndotoni, akidhani mwenzake anakunywa maji. Ni kimya kilichomzindua. "Dada?" Akapenya kwenye majani yanayomkata mashavu, akamkuta Bernadette amelala chini kifudifudi. Alipomgeuza, uso ulikuwa mwekundu, mkavu, bila tone la jasho, na mshipa wa shingo ulipiga haraka mno.

"Bwana Zoubek! Bwana Zoubek, njoo! Njoo upesi!"

Bwana Zoubek, mwenye shamba, mzee mwenye mwili mkubwa, alikuja akivunja mahindi yake mwenyewe njiani. Alimbeba msichana mpaka kwenye gari lake la mizigo, akaliondoa kwa kasi hata vumbi likachukua muda kutulia. Nyuma ya gari, Marlis alimpakata dada yake na kumwagia maji kichwani. Bernadette akafumbua macho kidogo.

"Usiseme," alinong'ona. "Uliapa. Sherehe... mama... usiseme, Marlis."

Katika zahanati ya mji daktari alikuwa mwanamke kijana, mgeni bado, aliyekuja kushika zamu. Alimpima Bernadette moyo, akakunja uso. Wakati huo Vlasta, aliyepigiwa simu, akaingia na aproni yake yenye unga, anahema.

"Amemeza nini huyu?" daktari aliuliza.

"Mwanangu? Ameze nini? Ni jua hilo! Watoto wetu sisi si wa mambo hayo."

"Mama, nisikilize. Moyo unakwenda vibaya. Nikimtibu madhara ya jua peke yake na kumbe kuna kitu kingine mwilini, dawa yangu inaweza kumuua. Kwa hiyo nauliza tena. Amemeza kitu?"

"Hajameza kitu!"

Marlis alisimama ukutani, bado ana vipande vya majani kwenye nywele. Alitamani mambo haya yawe ya kitabuni, afunge jalada yaishe. Kitandani Bernadette alimtazama yeye peke yake, na macho yale yalimsihi. Marlis alijua akisema amempoteza dada yake. Alijua pia kwamba akinyamaza huenda akampoteza zaidi.

"Amemeza," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Vya kupunguza mwili. Na usiku humeza vya usingizi. Kila siku." Akamgeukia Vlasta. "Ni vyako, mama mkubwa. Vya kabati la bafuni."

Bernadette alifumba macho. Vlasta akawa mwekundu kuliko mgonjwa.

"Kitabu kile! Si nilisema? Si nilisema mimi? Ndicho kilichowafundisha mambo haya!"

"Dawa ya daktari haimo kitabuni, mama mkubwa!" Marlis alilia kwa nguvu. "Haimo kabisa! Nilitafuta! Ndiyo maana sikujua ni ile ile!"

Daktari hakungoja wamalize. "Vina rangi gani? Leo alimeza saa ngapi?" Marlis alijibu kila kitu alichokijua, na wauguzi wakaingia, na mlango ukafungwa mbele ya uso wa Vlasta. Mwanamke yule mwenye sauti kubwa aliketi kwenye benchi taratibu, akatazama mikono yake.

"Hata mimi nimevimeza asubuhi," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Bernadette hakufa. Siku ya sherehe alikuwa bado kitandani kwao, dhaifu, analia ovyo, na taji likaenda kwa mwingine. Marlis alikwenda kumwona, akamkuta amegeukia ukuta. "Toka," ndilo neno alilopewa. Akatoka, akakaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni, akalia kwa kwikwi.

Vlasta akaja kuketi kando yake. Alikuwa amevirudisha vidonge vyote kwa yule daktari, akaomba na yeye asaidiwe kuviacha, maana alijaribu peke yake akashindwa. Alijifuta mikono kwenye aproni.

"Nyamaza, mwanangu, nikuambie," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Marlis hakuwahi kuisikia kwake. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilipigana na kitabu ambacho sijakisoma. Wewe ulikisoma, ukaenda kutafuta hatari kwenye magitaa. Na mtoto alikuwa anakonda mbele ya macho yetu. Dawa ikitumiwa ovyo haiulizi ilitoka kwa mhuni au kwa daktari, inaua tu. Na siri inayomdhuru mtu unayempenda haitunzwi. Ukiijua leo, itoe leo, kwa mtu mzima, hata kama uliapa."

"Mimi nilichelewa, mama mkubwa."

"Ulichelewa, ndiyo. Lakini ulisema, na mimi mama yake nilikuwa nimesimama pale pale nakataa."

"Sasa ananichukia."

Vlasta alimvuta kwapani kwake. "Acha akuchukie. Anakuchukia akiwa hai."

Kutoka mbali ngoma na kodiani za sherehe zilisikika, hafifu, zikija na kupotea na upepo. Dirisha la chumba lilikuwa wazi juu ya vichwa vyao.

"Nawasikia, jamani," ilisema sauti ya Bernadette, kavu, yenye hasira bado. "Mbea we. Njoo ukae huku, unalia kama ndama. Ila usidhani nimekusamehe."

Marlis akafuta pua kwa mkono wa shati, akaingia ndani, akaketi pembeni ya kitanda.